Hakukuacha, wala hakukasirika nawe

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki hii nimekwama kwenye Fatiha. Nikifika "ghayril maghdhuubi alayhim", wasiokuwa waliokasirikiwa, sauti inaniishia. Alhamisi alfajiri nilisimama hapo juu ya msala mpaka miguu ikafa ganzi. Sala za faradhi peke yake zinatupitisha kwenye Fatiha mara 17 kwa siku, na tangu nilipotambua, ningali mwanafunzi wa madrasa, kwamba moyo wangu unaelekea kwa wanaume wenzangu, mara zote hizo najiuliza: si ndio mimi ninayetajwa hapa? Mwisho nikaacha kuswali. Miaka mitatu. Niliona afadhali nikae mbali kuliko kusimama mbele Yake kama mnafiki.

Kisa cha kaumu Lut msinikumbushe, nimekihifadhi kabla sijabalehe. Najua maulamaa wengi wanavyokisoma. Najua pia wapo wachache, kama msomi Scott Kugle katika kitabu chake cha 2010, wanaoona lawama ya pale ni juu ya jeuri na kutaka kuwaingilia wageni kwa nguvu. Mjadala huo sijaumaliza hata na nafsi yangu.

Kilichonirudisha ni sura ya Dhuha. Wahyi ulikatika kwa muda, Mtume (s.a.w.) akahuzunika, na washirikina wakadakia: Mola wake amemtupa. Tazama ni nani waliosema. Ni watu! Mwenyewe alipojibu, aliapa kwa mchana na kwa usiku unapotanda, kisha akasema: "Mola wako hakukuacha, wala hakukasirika nawe." Kwa Kiarabu maneno ni tofauti, lakini kwenye tarjuma ya Kiswahili nilikutana na kasirika ileile inayonikaba koo. Najua aya iliteremshwa kwa Mtume. Mimi ni nani? Ila ni kwake tuliambiwa tukatafute kigezo, na hata yeye alisubiri kwenye ukimya ule.

Basi wewe unayesoma hapa kwa kujificha, usiache sala. Usingoje kesi yako iishe ndipo utawadhe. Tawadha na kesi yako. Sujudu nayo. Ukilia, lilia hapo hapo chini, maana ukiondoka msalani utakwenda kumlilia nani?

Na nyinyi mnaopekua simu za watu na kuhesabu nani hajaoa, Hujurat 12 mnaisomaje? Msipelelezane, msisengenyane. Imamu Muhsin Hendricks, aliyejitangaza wazi kuwa anapenda wanaume wenzake, alipouawa kwa risasi Afrika Kusini, Februari 2025, niliwaona watu wa msikitini wakisita hata kusema inna lillahi. Mtu amekufa, jamani. Muislamu. Kilichowazuia ni nini?

Juzi mama alipiga simu. Hajawahi kuniuliza, na nadhani anajua. Alisema lile lake la kila siku: "Mwanangu, umeswali?"

Nikamwambia nimeswali. Safari hii nilikuwa nimeswali kweli.