Mrehani wa Dirishani

Leo asubuhi nimechuma mrehani kabla ya kuoga, kabla ya chai, kabla hata ya kushika simu. Sasa ni usiku, nimekaa kuandika, na nikisogeza vidole puani bado harufu naipata kwa mbali. Imetimia miezi 11 tangu kopo la kwanza liingie dirishani kwangu, na kuna jambo limebadilika ndani yangu ambalo sikuwa nimelitafuta.

Kwa miaka mingi chakula kwangu kilikuwa hesabu. Nilikuwa na programu kwenye simu, naandika kila kilichopita mdomoni, kuanzia kijiko cha mafuta hadi nusu ya ndizi. Mchana najinyima. Usiku nasimama mbele ya friji, mlango wazi, nakula harakaharaka bila sahani, bila kukaa, bila kujua hata ladha ya kile ninachokimeza. Baadaye majuto, na kesho yake najinyima tena ili kulipa deni la jana. Mama alikuwa akipiga simu na kuniuliza, “Umekula, mwanangu?” moyo unaruka kama nimefumaniwa. Namjibu, “Nimekula, mama,” kisha namuuliza habari za mvua.

Mrehani sikuununua. Jirani alikuwa anahama, mikono yote imejaa mizigo, akanisukumia kopo lenye mmea mmoja mrefu uliopinda. “Nitunzie huu, dada. Ukiuona unarefuka ovyo, ukate kichwa.” Akaondoka.

Siku 10 nzima niliuzunguka na mkasi bila kuthubutu. Siku niliyothubutu nilichuchumaa kwanza nikautazama vizuri. Shina la mrehani ukilizungusha kati ya vidole unazigusa pembe zake nne; si la mviringo. Majani yanatoka mawili mawili, yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna kichipukizi kidogo sana, kimejikunja, kinasubiri. Kinasubiri kwa sababu ncha ya juu ya mmea inakizuia kukua. Ukikata juu kidogo ya jozi ya majani, vichipukizi vya pande zote mbili huamka. Lilipokuwa tawi 1 yanakuwa 2, na hayo 2 ukiyakata yanakuwa 4. Usipokata, mmea hurefuka, hutoa maua, kisha majani mapya yanakuwa madogo na machache, na ladha yake inageuka kuwa chungu.

Hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Mmea huu ulikuwa unataka nile. Kula kwangu, kitendo nilichokuwa nakifanya gizani nikiwa na aibu, ndiko kulikokuwa kunautunza. Sikumbuki kabla ya hapo kuwahi kufikiri kwamba mlo wangu unaweza kuwa na faida kwa kiumbe chochote, hata kwangu mwenyewe.

Yale majani ya kwanza, manane, niliyaweka kwenye mayai. Nilikosea, niliyatia mapema kwenye mafuta ya moto, yakawa meusi na harufu ikapotea. Harufu ya mrehani iko kwenye mafuta mepesi yaliyo ndani ya vifuko vidogo mno juu ya jani, na moto mkali huyapeperusha. Siku ya pili nilizima jiko kwanza, nikayachanachana kwa mkono juu ya mayai, nikafunika kidogo. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni, na mate yakanijaa kinywani. Nilitoa sahani. Nikavuta kiti. Siwezi kueleza uzito wa hilo kwa mtu ambaye hajawahi kula akiwa amesimama miezi na miezi: nilivuta kiti nikakaa, kwa sababu sikutaka harufu ile iishe kabla sijaanza.

Baada ya hapo makopo yaliongezeka. Mnanaa una chombo chake peke yake, kwa kuwa matawi yake hutambaa chini ya udongo na hauna adabu kwa majirani. Rosmari wangu wa kwanza ulikufa kwa kumwagiliwa maji kila siku. Mizizi ilioza huku mimi nikiona majani yanakauka na kuzidi kuongeza maji. Giligilani ilinisumbua kuliko zote. Niliihamisha ikiwa michanga, mzizi wake mrefu ukajeruhiwa, ikakimbilia kutoa maua ikiwa na urefu wa kiganja. Sasa naipanda papo hapo itakapokulia, punje chache kila baada ya wiki 3, kivulini wakati wa jua kali. (Rafiki yangu mmoja akiionja anasema ni sabuni tupu. Nilidhani anadeka, kumbe baadhi ya watu wamezaliwa na tofauti katika jeni za kunusa, na kwao ladha ile ni ya sabuni kweli.)

Rosmari wa pili ndio ulionifundisha kuuliza kabla ya kutoa. Kabla ya kumwagilia natia kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukiwa bado na unyevu, naacha. Ni sekunde 5. Bila kupanga, nikaanza kujiuliza hivyo hivyo jikoni: ni njaa hii, au nimechoka, au kuna neno lililoniuma mchana? Mara nyingine jibu ni njaa, basi nakula, nakula hasa. Zamani nilikuwa sijiulizi kabisa. Nilikuwa nakatazwa au naasi.

Chumvi nayo imepungua bila vita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na vile vya pakiti nilivyokuwa navila usiku vilikuwa chumvi kuliko chakula. Sijapima. Nimekataa kabisa kurudi kupima. Ila naona mkono hauendi tena kwenye kikopo cha chumvi kabla ya kuonja.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kopo la mrehani ni tiba. Nilikwenda pia kuzungumza na mshauri nasaha, miezi kadhaa, na yeyote ambaye chakula kimekuwa mateso kwake namwomba kwa moyo wote atafute mtu wa kumsaidia. Na usiku mbaya bado upo. Wiki 2 zilizopita nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikafungua friji, nikaanza kama zamani. Katikati nikasimama, nikachukua sahani, nikakaa, nikamalizia nikiwa nimekaa. Sikujinyima kesho yake. Asubuhi nilikata kichwa cha mrehani kama kawaida, nikanywa chai.

Jioni hii mama amepiga. “Umekula, mwanangu?” Nikamwambia nimekula viazi vya kuoka na rosmari, niliitia mapema kwa sababu yenyewe inastahimili moto, halafu nikamaliza na giligilani juu. Akataka kujua nakata vipi mnanaa bila kuuharibu, na kama kweli unaota kwenye maji matupu. Tumezungumza karibu saa nzima, na habari za mvua hatukuzigusa.

Kando ya sinki kuna glasi yenye vijiti 3 vya mnanaa. Majani ya chini nimeyaondoa yasioze majini. Kimoja leo kimetoa mizizi, miwili, myeupe, mifupi kama punje ya mchele. Hicho ni cha mama.