Kunguni wa Ilomba na majirani zangu

Nilipohamia Mbeya kutoka Mombasa, nilifurahi kwamba katika jiji hili, lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mbu ni wachache kuliko pwani. Sikutarajia kwamba katika nyumba ya kupanga ya Ilomba, ambayo vyumba vyake sita vinashirikiana kuta na dari, ningekutana na kunguni. Niliona aibu, nikanunua dawa na kupuliza chumba changu peke yake. Baada ya wiki mbili, mama wa chumba cha pili alibisha hodi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, wadudu wako wamehamia kwangu."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta, na aliyekomaa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, kwa hiyo kupuliza chumba kimoja mara nyingi ni kuwasogeza tu. Tulikubaliana Jumamosi moja: vitanda vyote vilitolewa uani, chaga zikamwagiwa maji yanayochemka, mashuka yakachemshwa, nyufa zikazibwa kwa saruji, na wiki mbili baadaye tukarudia kazi yote kwa ajili ya mayai yaliyosalia. (Magodoro tuliyaanika, ingawa jua la Julai huku halina ukali wa kuua mdudu.)

Siafu walipoingia na mvua za Novemba, niliwagongea majirani usiku uleule, na yule mama akaja na karai la majivu.