Ukungu wa Usambara Mbele ya Lenzi

Barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo mfupi msafiri huliacha joto la mashamba ya mkonge na kuingia katika baridi inayomlazimu kutafuta sweta. Niliipanda mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, kwa makusudi: nilitaka kuupiga picha msitu ukiwa ndani ya ukungu. Wageni wengi waendao milimani huomba mbingu safi. Mimi niliomba kusi iendelee kuvuma, kwa kuwa upepo huo hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi, na ukifika kwenye kuta za Usambara hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone madogo mno yanayoelea. Hapo wingu huukalia mlima, na aliye ndani yake hujikuta katika ukungu.

Soni, mji mdogo ulio njiani, tulisimama kidogo tu, wachuuzi wakituletea karoti na kabichi madirishani, na vilele vya juu yetu vilikuwa tayari havionekani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ambako mtembeaji hulipa kiingilio na kuongozwa na mwenyeji. Aliyeniongoza mimi alikuwa mzee wa Kisambaa mwenye koti zito na buti za mpira.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo hutaona mbali.”

“Hicho ndicho nilichokifuata, mzee.”

Alinitazama, akaitazama kamera, kisha akasema, “Basi twende kwenye mikulo.”

Mkulo ni mti mkubwa wa kafuri wa milima hii, wenye mbao ambazo mafundi wamezitamani kwa vizazi vingi. Siku ya jua kali ni vigumu kuupiga picha ukaeleweka, maana nyuma ya shina lake kuna mashina mengine, kamba za mwituni, majani yanayong’aa na vipande vya anga, na kila kimoja kinadai jicho la mtazamaji. Ukungu huupanga msitu upya kwa umbali. Shina lililo hatua tano mbele yangu lilikuwa jeusi na kila mkunjo wa gome lake ulionekana. La hatua kumi na tano lilikuwa la kijivu. La hatua thelathini lilibaki alama hafifu, na baada yake palikuwa peupe. Sababu yake ni kwamba kila tone lililo kati ya jicho na mti huutawanya mwanga, hivyo kadiri hewa ya katikati inavyozidi ndivyo weupe unavyozidi. Ndiyo maana nilizitegemea zaidi nyayo zangu kuliko lenzi ndefu. Lenzi ya kuvuta mbali huukuza mti pamoja na weupe wote ulio mbele yake, ilhali kusogea hatua tatu huondoa sehemu ya weupe huo na kuupa mti uzito. Naamini kwa dhati kwamba kazi kubwa ya mpiga picha wa ukungu ni kuchagua mahali pa kusimama, na kwamba kitu kimoja kilicho karibu, hata tawi lenye kuvu na ndevu za miti, huyapa maumbo hafifu ya nyuma mahali pa kuegemea.

Kamera yenyewe huhitaji kuongozwa. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila mandhari ni ya kijivu cha wastani, na kikikutana na weupe huo mwingi hupunguza mwanga, picha ikatoka na rangi ya majivu. Niliongeza mwanga kwa hatua moja ya kamera, yaani mara mbili, na penye uwazi mkubwa zaidi ya hapo. Fokasi ya kujiendesha, yaani kamera inapojilenga yenyewe ili kitu kionekane wazi, nayo hutangatanga pasipo na tofauti ya giza na mwanga; niliielekeza kwenye ukingo wa shina, mahali gome linapokutana na weupe, kisha nikaifunga kwa mkono. Flashi sikuigusa, kwa sababu huyaangaza matone yaliyo karibu na lenzi na kuijaza picha madoa meupe.

Mvua haikunyesha asubuhi ile, lakini chini ya miti palikuwa pakidondoka maji bila kukoma. Mzee aliniwekea mkono kwenye gome lililovaa kuvu ili nisikie lilivyoloa, akaniambia kwamba miti huuchuja ukungu na kuuteremsha ardhini, na kwamba vijito vya mashamba ya chini vinaanzia humo. Tangu hapo nilikuwa nikiyatafuta matone yenyewe kwenye ncha za majani, na nilikausha kioo cha lenzi kwa kitambaa karibu kila baada ya picha.

Ilipokaribia saa tatu jua lilianza kupenya. Nilimwomba mzee tusubiri, nikasimama mahali ambapo shina nene lililificha jua lenyewe, na miale ikafunguka pande zote mbili, vivuli vya matawi vikichorwa hewani kama nyuzi zilizotandwa kwenye kitanda cha mfumaji. Hali hiyo hudumu dakika chache: ukungu ukiwa mzito mno miale haionekani, na ukishakonda haina tena kitu cha kuangukia.

Njiani kurudi tulikutana na akina mama waliojitwika kuni. Niliwaamkia kwanza, nikaomba ruhusa. Wawili walikubali, mmoja alikataa, na kamera ikabaki chini hadi alipokuwa amepita.

Jioni, mjini Lushoto, nilizipitia picha kwenye kompyuta. Programu nyingi za kuhariri siku hizi zina kitufe cha kuondoa ukungu, nacho hufanya kazi yake vizuri kiasi cha kuurudisha msitu katika vurugu ya mchana. Sikukitumia. Nilikoleza kidogo weusi wa shina la mbele, nikaacha rangi ya baridi jinsi ilivyokuwa, na sehemu ambazo macho yangu hayakuona kitu nikaziacha tupu.