Siku moja maishani mwangu: nachora herufi nyembamba, Kigoma Mwanga

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kufungua ofisi nashuka Kibirizi, kwenye mwalo wa boti, kupiga picha za majina ya boti. Ubao mwembamba, jina refu, kwa hiyo fundi wa brashi amebana herufi na kuzirefusha, kingo zimepinda kidogo. Fonti ninayoichora nimeitoa humo.

Saa 2. Kopi, vyeti, lamineti. Ndizo zinazolipa kodi ya pango.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Herufi nachora kwa brashi bapa juu ya karatasi. Kwenye skrini mkono hujaa adabu mno. Halafu naskani na kuingiza kwenye FontForge, programu ya bure. Herufi kubwa tupu, na upana wa H haufiki theluthi ya kimo chake.

Leo nimeng'ang'ana na A. Kiswahili kinaila sana: andika KARANGA au DAGAA uone. A mbili za mwisho za DAGAA zikilingana mpaka doa la wino, msomaji anajua papo hapo kwamba hapa mkono umeigizwa. Basi nimechora A nne tofauti na kuielekeza fonti izipokezanishe zinapofuatana. Tundu la A nalo nimelipanua, maana kwenye fulana wino hutambaa ukaliziba. Wengi hudhani herufi chakavu kama hii ni kuitoboatoboa tu ionekane kuukuu. Hapana.

Saa 7. Ugali wa muhogo na mgebuka.

Saa 8:30. Kaingia mama muuza dagaa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nataka abiria akishuka tu kwenye treni, alione bango langu.”

Bango lenyewe ni la kusimama kando ya mlango, jembamba. Kwa herufi pana, DAGAA ingekuwa kitu kidogo pale juu. Kwa hizi zangu imepanda karibu nusu ya bango. Akafurahi, akataka na bei, namba ya simu na “tunatuma mikoani” viandikwe vivyo hivyo. Nikakataa. Herufi iliyobanwa ukiipunguza inakuwa uzio wa fito: unaona mistari, husomi kitu. Maneno madogo nimeyapa fonti ya kawaida.

“Haya. Namba isiposomeka nakurudishia bango lako.”

Saa 10. Nasafisha brashi. Shida hii ya nafasi ni ya zamani: tangu Darius Wells wa New York aanze kutengeneza herufi za mbao kwa mashine, 1827, wachapaji wa matangazo wamekuwa wakizibana ili zizidi kukua.

Saa 12 jioni. Narekebisha nafasi kati ya herufi. TA na WA zinataka kusogezwa. Ile alama ya NG'OMBE inaacha pengo baya, nimeipunguza unene. Zimebaki Q na X, ambazo ningeziacha kabisa, ila mteja wa kesho duka lake lina X kwenye jina.