Stabilaiza nene haikunisaidia mpaka nilipotengeneza breketi

Kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa, Mbeya, kila fundi niliyemwambia gari langu la mashindano linalala kwenye kona alinijibu: weka stabilaiza nene, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia na kujisokota ili gari lisilale. Nikatoa ya nyuma ya milimita 20, nikafunga ya 22. Kwa hesabu inavutia, maana ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene: milimita 2 tu zinaongeza karibu asilimia 46. Ila hakuna aliyenitajia kwamba nguvu yote hiyo inashikwa na breketi mbili za bati zinazoifunga stabilaiza kwenye chesi.

Kwenye barabara za kubebea magogo za msitu wa Sao Hill nyuma kukaanza kugonga, ko-ko-ko. Nikaambiwa ni linki, vile vijiti vinavyounganisha ncha za stabilaiza na upande wa magurudumu. Nikanunua linki mpya, kugonga kukabaki palepale. Hapo nikachora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba unaotoka kwenye breketi na kuingia kwenye chesi, nikaendesha kilomita chache, nikachungulia chini. Mstari ulikuwa umekatika, vipande vimepishana kama upana wa ukucha, na ufa umeanzia kwenye tundu la boliti. Ndiyo maana gari liliendelea kulala: breketi ikijikunja, stabilaiza haijisokoti. Rangi hiyo ni mabaki ya kopo, na imenifaa kuliko ushauri wote niliolipia.

Ufa ukachomelewa. Ulidumu safari moja, ukapasuka pembeni ya weldi, pale bati lilipodhoofishwa na moto. Bati jembamba lililopasuka usilichomelee, litupe.

Nilitengeneza breketi za bapa la milimita 5, kila moja na pembetatu ya kuikaza ubavuni. Kazi kubwa ilikuwa chesi. Pale ni boksi lenye uwazi ndani, ukikaza boliti linabonyea, na na ukishapita mashimo machache ya barabarani boliti inalegea. Nikatoboa boksi upande hadi upande, nikapitisha kipande cha bomba nene chenye urefu sawa na upana wake, nikakichomelea pande zote mbili, boliti ikapita humo ndani. Upande wa pili nikaweka bati la milimita 3 kubwa kama kiganja. Boliti ni za milimita 10, daraja la uimara 8.8, nati za kujifunga, nimezikaza kwa Nm 45 hivi. Tangi la mafuta lishushwe kabla ya kuchomelea, hilo halina mjadala. Vyuma vyote havikufika bei ya zile linki.

Kabla ya kufunga linki, inua ncha ya stabilaiza kwa mkono uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe. Yangu iligoma, kumbe breketi hazikuwa mstari mmoja, nikaweka washa ya milimita 1 chini ya ile ya kushoto. Linki funga gari likiwa limesimama kwa matairi yake na dereva amekaa kitini. Ya pili irefushe au ifupishe mpaka boliti iingie kwa vidole. Ukiilazimisha kwa spana, stabilaiza inabaki imesokotwa, na kona ya kushoto haitafanana na ya kulia.

Breketi zilipotulia nikarudisha ya milimita 20 na gari likaacha kulala. Kwenye changarawe ile ya 22 ilikuwa ikiinua tairi la nyuma la ndani. Sasa naifunga kwa lami tu, kwenye breketi hizohizo, na ule mstari mweupe haujakatika tena.