Pemba imeng'oa nanga

Napima kasi ya mkondo wa bahari kwa picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, na kwa hesabu zangu za Jumamosi, kisiwa cha Pemba kilikuwa kinahama kwa nusu mita kwa sekunde. Wenzangu mnajua: nchi kavu isipotoka sifuri, kasi ya maji nayo usiiamini. Nikaitoa ile nusu mita kwenye picha nzima, Pemba ikatulia, nikadhani nimemaliza.

Wapi! Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupanda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupita mita 1 kwa sekunde bila shida. Mimi napata 0.2, tena yenye chengachenga. Nikailaumu SNAP, programu ya kuchakata picha hizi (inakula RAM, kumbukumbu ya kompyuta, kama nzige shambani), nikahamia lugha ya Python, nikaandika kila kitu upya. Nikapata 0.2 ileile. Wikiendi tatu zimekwenda hivyo.

Jana usiku, chai ikiwa jikoni, nikaichora setilaiti nyuma ya bahasha. Sentinel-1 hupita karibu kaskazini-kusini, na rada yake hutazama ubavuni, mkono wa kulia. Dopla, yaani kubadilika kwa masafa ya mwangwi wa rada, huona tu kinachoijia rada au kuikimbia. Mkondo wa kwenda kaskazini unaikatizia mbele: piga kosaini ya digrii 78 hivi (pembe kati ya mkondo na upande rada inakotazama), inabaki sehemu moja ya tano. Ndiyo 0.2 yangu hiyo! Programu haina kosa, SNAP nayo naiomba radhi, ila RAM bado inakula.

Leo nilipanga kuondoa mchango wa upepo, maana kusi husukuma viwimbi na Dopla huvihesabu pia. Sijaugusa. Kwenye picha ileile ya VV (mawimbi ya rada yanatumwa na kupokelewa wima) nimeona nyuzi nyeusi nyembamba: utando wa mafuta ya viumbe vya baharini, unaovilaza viwimbi vya sentimita chache ambavyo rada hii ya sentimita 5.5 huvitegemea. Mkondo umezivuta zikalala sambamba kama miyaa iliyoanikwa. Ramani ya mkondo nilikuwa nayo muda wote, na kichujio cha Lee cha pikseli 7×7, cha kulainisha chengachenga za picha, ndicho kilichokuwa kikiipaka uji. Kwa 3×3 zinabaki.

Doa kubwa kaskazini-magharibi mwa Pemba nimelifuta. Ni shwari tu, kisiwa kimeziba kusi.

Nyuzi 14 nimeshazichora kwa mkono, zote zinafuata pwani. Ya 15 imejikunja kama ndoana, na picha ya kupita kwingine ni baada ya siku 12.