Kazi imelala, sharti limetimia, na hakuna wa kuiamsha

Dalili ya mwito wa kuamsha uliopotea ndani ya keneli ya Linux ni hii: kazi (task, yaani mchakato au uzi) imelala, kile ilichokuwa ikikisubiri kimeshafika, CPU ziko bure, na hakuna kinachosogea. Keneli haijaanguka. Kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa keneli) hakuna hata mstari mmoja mpaka zipite sekunde 120, ambapo Linux kwa kawaida huanza kulalamika kuhusu kazi zilizokwama. Hata hapo hulalamika tu kama kazi iko katika hali ya D (usingizi usiokatizwa na ishara). Ikiwa katika S (usingizi unaoweza kukatizwa na ishara), itakaa hivyo hadi mwakani na keneli haitasema neno.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kumwaga smp_mb(), yaani kizuizi kamili cha memori, kila mahali mpaka tatizo lipotee. Usifanye hivyo. Kizuizi cha memori, agizo linalokataza usomaji na uandishi kuvuka mahali kilipo, hufanya kazi na mwenzake upande wa pili, na ukishindwa kumtaja huyo mwenzake basi hujui umetibu nini. Huenda umebadilisha mwendo wa msimbo kidogo tu, na hitilafu ikahamia kwenye mashine nyingine.

Kwanza hakikisha kwamba ni mwito wa kuamsha uliopotea. Angalia `/proc/PID/stack` na `/proc/PID/wchan` uone kazi imelala wapi. Kama huwezi kuingia vizuri kwenye mashine, `echo w > /proc/sysrq-trigger` huchapa kazi zote zilizo katika D, `t` huchapa kazi zote, na `l` huchapa kila CPU inachofanya. Kisha, kama iko katika S, iguse kazi kidogo: itumie SIGSTOP halafu SIGCONT (ishara za kusimama na kuendelea), au iunganishe na strace (zana ya kufuatilia miito ya programu kwa keneli). Ikizinduka, ikakagua sharti lake upya na kuendelea kana kwamba hakukuwa na kitu, basi sharti lilikuwa limetimia na ni mwito tu uliopotea. (Ndiyo maana watu husema hitilafu fulani "inaogopa strace". Haiogopi chochote, imeamshwa.)

Pili, bana kila kitu kwenye CPU moja. `taskset -c 3` kwa mlalaji na kwa mwamshaji, na kama mwamshaji ni intarapti, ihamishe nayo kupitia `/proc/irq/N/smp_affinity`. CPU huona maandishi yake yenyewe kwa mfuatano wa programu, siku zote. Hitilafu ikiendelea kwenye CPU moja, hilo si suala la mfuatano wa memori hata kidogo: ni kosa la mantiki, kazi imekatizwa katikati mahali pabaya, au ni kompaila, kama hatua ya tatu inavyoeleza. Ikitoweka, bado hujathibitisha chochote, ila una haki ya kuendelea kushuku.

Tatu, soma asembli. `objdump -d` kwenye faili husika, utazame kama kompaila imesoma kigeu mara moja, ikakiweka kwenye rejista na kuzunguka nacho milele. Dawa yake ni READ_ONCE() na WRITE_ONCE(), zinazoilazimisha kompaila kugusa memori kila mara, na hapo prosesa haina hatia.

Sasa kiini cha mambo. Karibu kila mwito unaopotea una umbo hili:

    /* mlalaji */             /* mwamshaji */
    hali = IMELALA;           tayari = 1;
    if (!tayari)              if (hali == IMELALA)
        schedule();               iamshe();

(schedule() ndiyo inayoiachia CPU na kuilaza kazi.) Kila upande unaandika kigeu kimoja kisha unasoma kile kilichoandikwa na mwenzake. Ukisoma mistari hii kwa macho, haiwezekani wote wawili waone thamani ya zamani. Kwenye chuma inawezekana kabisa. Maandishi huingia kwanza kwenye bafa ya kuandikia ya CPU husika, na usomaji unaofuata unaweza kujibiwa na kashe kabla maandishi hayo hayajatoka kwenye bafa. Mlalaji anaona `tayari` ni 0, mwamshaji anaona kazi bado iko macho, kila mmoja anashika njia yake, na kazi inalala na sharti lake mkononi.

Na hili hutokea kwenye x86. Kuna imani kwamba x86 "inapanga kila kitu yenyewe". Ni kweli kwa kusoma baada ya kusoma, kuandika baada ya kuandika, na kuandika baada ya kusoma. Kinachoachwa huru ni kimoja tu, kusoma baada ya kuandika mahali pengine, na hicho kimoja ndicho ambacho kulala na kuamsha vinakitegemea.

Linux inaziba hapa kwa kizuizi kamili pande zote mbili. set_current_state() huandika hali na kuweka kizuizi papo hapo (kwenye x86 inakuwa maagizo ya xchg). Upande wa pili, try_to_wake_up() hushika kufuli ya pi_lock na kufuatisha smp_mb__after_spinlock(), kwa sababu kushika kufuli peke yake si kizuizi kamili. Kwa hiyo kwenye draiva inayoshukiwa, kitu cha kwanza cha kutafuta kwa grep ni `__set_current_state(TASK_INTERRUPTIBLE)`. Hii yenye alama mbili za mstari wa chini (`__`) mwanzoni haina kizuizi. Cha pili ni `waitqueue_active()` inayoitwa bila kufuli ya foleni ya wanaosubiri na bila smp_mb() kabla yake. Ni umbo lile lile limevaa nguo nyingine: mtu ameandika data, kisha anasoma kama foleni ina watu. Tumia wq_has_sleeper(), kizuizi kimo ndani yake.

Mtego unaowanasa hata wazoefu ni kudhani smp_store_release() (uandishi usioruhusiwa kuyatangulia yaliyo kabla yake) ikifuatwa na smp_load_acquire() (usomaji usioruhusiwa kutanguliwa na yaliyo baada yake) inatosha. Haitoshi. Kwenye x86 zote mbili ni mov za kawaida, kwa hiyo bafa iko pale pale na hitilafu iko pale pale. Kichekesho ni kwamba kwenye ARM64 maagizo yanayotekeleza hizo mbili, stlr ikifuatwa na ldar, hayapishani, kwa hiyo msimbo huo hupita majaribio kwenye ARM na kufa kwenye x86, kinyume na kila mtu anavyotarajia. Halafu siku ldapr, iliyo legevu zaidi, inapotumika badala ya ldar, ARM nayo inaanza kuugua.

Umbo la pili ni la ujumbe: CPU moja inaandika data kisha bendera, nyingine inasoma bendera kisha data. x86 hailisumbui, lakini ARM64, POWER na RISC-V zinaweza kulivuruga, na hapa release na acquire ndiyo dawa sahihi. Ndani ya kipangaji (sehemu ya keneli inayochagua kazi ya kuendeshwa) mfano bora ni on_cpu, kigeu kinachosema kazi bado iko juu ya CPU. CPU inapoachana na kazi huandika on_cpu = 0 kwa smp_store_release(), na anayeamsha husubiri kwa smp_cond_load_acquire(). Ondoa mpangilio huo, na CPU ya pili itaanza kuendesha kazi ambayo staki yake CPU ya kwanza bado haijamaliza kuishughulikia. Dalili hazifanani na usingizi: ni anwani za kurudi zisizo na maana, na kuanguka mahali tofauti kila mara.

Mwaka 2016 umbo la jirani lilirekebishwa ndani ya try_to_wake_up() baada ya kuonekana kwenye POWER. Mwamshaji husoma hali ya kazi, kisha on_rq, inayosema kama kazi iko kwenye foleni ya kuendeshwa. Kazi ilikuwa imeshaamshwa na mtu mwingine (on_rq ikawa 1), ikaendeshwa, ikarudisha hali yake kuwa ya kulala ili ikague sharti tena. Mwamshaji akaona hali mpya lakini on_rq ya zamani, kwa kuwa usomaji wa pili ulitangulia wa kwanza. Akaamini kazi haiko kwenye foleni, akabaki akizunguka kusubiri on_cpu iwe sifuri ilhali kazi yenyewe inaendeshwa. Tiba ilikuwa smp_rmb() moja (kizuizi cha usomaji) kati ya kusoma mara mbili.

Kuna sura ya tatu isiyolaza kazi kabisa, inaichelewesha tu. Kazi imeshawekwa kwenye foleni ya CPU nyingine, lakini intarapti ya kuizindua CPU hiyo imeitangulia data. CPU inazinduka, haioni kitu, inarudi kupumzika. Kazi itaonekana mpigo wa saa unaofuata. Chora mgawanyo wa ucheleweshaji kutoka kwa `perf sched timehist`: ukiona rundo dogo karibu na ms 4 kwenye keneli ya HZ=250 (mipigo 250 kwa sekunde), au ms 1 kwenye HZ=1000, shuku hapa. Kwenye CPU iliyozimiwa mpigo wa saa wakati wa mapumziko, ucheleweshaji unaweza kuwa mrefu zaidi. Ukiandika keneli yako mwenyewe, kumbuka kwamba GICv3 (kidhibiti cha intarapti cha ARM) hutuma intarapti hizo kwa kuandika rejista ya mfumo, na dmb (kizuizi cha kawaida cha ARM) haipangi maandishi ya namna hiyo. Inatakiwa dsb ishst, inayosubiri maandishi yakamilike. Kwenye x2APIC (kidhibiti cha intarapti cha x86), wrmsr husika (agizo la kuandika rejista yake) haisubiri maandishi ya memori yatoke, kwa hiyo kwenye Intel Linux huitanguliza na mfence na lfence.

Kurekodi nako kuna adabu yake. printk ina makufuli na ni nzito, ukiiweka tu hitilafu inajificha. Tenga safu ya kumbukumbu kwa kila CPU, indeksi ya CPU hiyo pekee, maandishi ya kawaida, na usome baada ya kusimamisha kila kitu. La muhimu zaidi: rekodi thamani zilizosomwa, si saa. Alama ya muda inakwambia agizo lilitekelezwa lini, haikwambii maandishi yalionekana lini kwa wengine. Ukikuta mlalaji ameandika "tayari=0" na mwamshaji ameandika "hali=macho" kwa mzunguko ule ule wa kulala, umepata ushahidi kamili, na saa haikuhitajika.

Kuichokoza hitilafu ijitokeze, weka vigeu viwili kwenye mistari tofauti ya kashe. Kisha, kabla tu ya maandishi unayoyashuku, andika kwenye mistari kadhaa isiyo kwenye kashe. Bafa ya x86 hutoka kwa zamu, kwa hiyo maandishi yako yatakwama nyuma ya hayo yanayosubiri memori, na dirisha linapanuka sana. Kuiga ARM kwa QEMU juu ya mashine ya x86 hakusaidii: chuma kilicho chini ndicho kinachoamua, na hakitaonyesha mivurugiko ya ARM.

Mahali pa kumaliza ubishi ni herd7 (programu inayojaribu mifuatano yote inayoruhusiwa) pamoja na modeli ya memori iliyoingia Linux 4.17 mwaka 2018, kwenye saraka ya tools/memory-model:

    C SB-kulala
    {}
    P0(int *hali, int *tayari)
    {
        int r0;
        WRITE_ONCE(*hali, 1);
        smp_mb();
        r0 = READ_ONCE(*tayari);
    }
    P1(int *hali, int *tayari)
    {
        int r0;
        WRITE_ONCE(*tayari, 1);
        smp_mb();
        r0 = READ_ONCE(*hali);
    }
    exists (0:r0=0 /\ 1:r0=0)

Iendeshe kwa `herd7 -conf linux-kernel.cfg`. Jibu litakuwa Never. Ondoa smp_mb() upande mmoja tu, wowote, na jibu linageuka Sometimes. Anayekwambia "tumeweka kizuizi kwa mlalaji, yatosha" muonyeshe hilo. klitmus7 hugeuza faili hiyo hiyo kuwa moduli ya kuendesha kwenye chuma halisi, ila chuma kutoonyesha kitu hakumaanishi kitu hicho kimekatazwa.

KCSAN, kitambuzi cha mbio za data ndani ya keneli kilichoingia toleo la 5.8, inaweza tangu 5.17 kukisia vizuizi vilivyokosekana ukiwasha CONFIG_KCSAN_WEAK_MEMORY. Lakini fungua kernel/sched/Makefile kabla ya kufurahia ukimya wake: kuna mstari `KCSAN_SANITIZE := n`, yaani msimbo wa kipangaji haukaguliwi kabisa. Ufute mstari huo kwenye tawi lako la majaribio, ukubali mwendo wa pole na kelele nyingi, halafu uchuje ripoti zinazogusa vigeu vyako viwili.

Ukishaweka kizuizi, andika juu yake kinaoana na kipi, kwa jina la fankisheni ya upande wa pili. checkpatch (hati ya kukagua viraka vya keneli) itakudai maoni hayo hata hivyo, lakini itaridhika na neno lolote. Anayekuja kuharakisha njia hiyo baadaye anahitaji jina.